Chuo Kikuu cha Garissa na Maswali ya Afya ya Kaskazini Mashariki

Mwaka 2011 serikali ya Kenya ilichukua majengo ya Chuo cha Ualimu cha Garissa na kuyafanya chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Kaskazini Mashariki ikapata chuo kikuu cha umma kwa mara ya kwanza, karibu miaka 48 baada ya uhuru. Kabla ya hapo, kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyefaulu mtihani wa kidato cha nne alipanda basi la Nairobi, kisha akaenda Eldoret, Maseno, Njoro au kokote alikopata nafasi. Wengi walimaliza masomo wakaajiriwa huko huko.

Kuchelewa huko kulikuwa na sababu zake. Mkoloni aliifanya Northern Frontier District kuwa eneo lililofungwa, la kuingia kwa kibali na kutoka kwa kibali. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta vilizuka mwaka 1963 na kuendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilibaki juu ya mkoa huu hadi 1991. Waraka maarufu wa serikali wa 1965 kuhusu uchumi wa taifa jipya ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo ya mvua na rutuba, ambako ziliaminika zingezaa haraka. Nchi ya ngamia haikuwa miongoni mwa maeneo hayo. Shule zilikuwa chache, hospitali chache zaidi, na barabara ya lami ikawa hadithi ya kusimuliwa na waliosafiri.

Watu wengi nje ya Garissa wanakijua chuo hiki kwa tarehe moja tu, 2 Aprili 2015. Tutaifikia tarehe hiyo. Lakini ninaiandika historia hii nikifuata uzi mwingine, utafiti wa afya, kwa sababu naamini ndio unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini chuo kikuu kilihitajika hapa na kwa nini kinahitajika bado. Kaskazini Mashariki haikukosa watafiti. Magonjwa yake yameandikwa katika majarida makubwa ya dunia, damu ya watu wake na mifugo yake imepimwa katika maabara za mabara matatu. Kilichokosekana ni mahali hapa hapa ambapo swali lingeulizwa, sampuli ikahifadhiwa, na jibu likafundishwa darasani kwa watoto wa waliotoa damu hiyo.

Turudi kwanza Wajir. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyefika Kenya mwaka 1969 kufundisha shule, alipewa mwaka 1976 jukumu la mradi wa majaribio wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wanaohamahama. Wakati ule matibabu ya kawaida yalichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mtu anayefuata malisho hawezi kurudi kliniki kila mwezi kwa muda wote huo. Akipata nafuu, kikohozi kikatulia, mvua ikinyesha upande wa pili huondoka na ngamia wake, na vimelea vilivyobaki kifuani huendelea kuishi vikiwa vimekwisha kuzizoea dawa. Majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Kitabibu la Uingereza, yalikuwa yameonyesha kwamba mchanganyiko mpya wa dawa unaweza kumaliza kazi kwa miezi 6. Lakini hayo yalikuwa matokeo ya wodini, kwa mgonjwa aliyelala kitandani. Je, kwa mtu asiye na anwani?

Jibu la Wajir lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza. Wagonjwa waliruhusiwa kusimamisha nyumba zao wenyewe karibu na kituo, wakakaa na jamaa zao, wakameza dawa kila siku mbele ya mtu wa kushuhudia hadi miezi 6 ikaisha. Watu wakapaita TB Manyatta, na jina hilo likabaki. Miaka mingi baadaye Shirika la Afya Duniani lilipoeneza ulimwenguni utaratibu wa kumeza dawa za kifua kikuu chini ya uangalizi, kazi ya Wajir ilihesabiwa miongoni mwa mizizi yake. Tonelli mwenyewe hakuruhusiwa kubaki. Alipaza sauti juu ya mauaji yaliyofanywa na vikosi vya usalama huko Wagalla, Wajir, Februari 1984, akalazimika kuondoka Kenya, akaendelea na kazi ile ile upande wa Somalia. Aliuawa kwa risasi Borama mwezi Oktoba 2003, miezi michache baada ya kupewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa.

Ninaitaja kazi hiyo mwanzoni kwa sababu moja. Ulikuwa utafiti ulioanza na maisha ya mfugaji, ukauliza dawa ifanye nini ili iendane nayo. Miradi mingi iliyofuata, hata ile iliyofanywa kwa nia njema kabisa, iliuliza kutoka upande wa pili.

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua ya El Niño ilimwagika Garissa bila kukoma. Laga zilizokaa kavu kwa miaka zikawa mito, vijiji vikazingirwa na maji, mbu wakajaa hata mchana. Kondoo na mbuzi wakaanza kutupa mimba. Mwezi Desemba zikaja habari za watu kufa wakitokwa damu, Garissa na ng'ambo ya mpaka kusini mwa Somalia. Madaktari hawakujua wanapigana na nini. Barabara zilikuwa zimekatika, timu zikafika kwa ndege na helikopta, wakachukua damu, na damu hiyo ikasafirishwa hadi Johannesburg na Atlanta. Jibu liliporudi lilikuwa homa ya Bonde la Ufa.

Hapa kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi nchini anapaswa kulijua. Virusi vya ugonjwa huo vilitambuliwa hapa hapa Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, na wanasayansi wa maabara ya mifugo ya Kabete walivieleza katika maandishi ya mwaka 1931. Miaka 66 baadaye, Mkenya wa Garissa alikufa kwa ugonjwa uliogunduliwa kwao, na uthibitisho wake ukatafutwa Afrika Kusini na Marekani. Watafiti walipopima damu za watu vijijini mapema mwaka 1998, walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 walikuwa wameambukizwa katika wilaya ya Garissa ya wakati huo, na wapatao 89,000 ukijumlisha eneo lote la Kaskazini Mashariki na kusini mwa Somalia. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko wote uliowahi kuandikwa Afrika Mashariki. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliogusa damu na majimaji ya kondoo, na wale waliolaza mifugo ndani ya nyumba zao wakati wa mafuriko. Nani asingefanya hivyo? Maji yamejaa kila upande, na mtaji wote wa familia ni vichwa kumi na tano vya mbuzi.

Miaka minane ikapita. Katika muda huo sayansi ilipiga hatua kubwa, na nyingi kati ya hatua hizo zilihusu ardhi ya Garissa. Ilijulikana kwamba mbu fulani wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji, na kwamba mayai hayo hulala kwenye tope kavu kwa miaka yakisubiri mafuriko. Baadhi ya mbu huzaliwa wakiwa na virusi tayari, waliorithi kutoka kwa mama. Ndiyo maana ugonjwa hupotea kabisa, watu wakausahau, kisha ukarudi na mvua kana kwamba umeanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1999 Kenneth Linthicum na wenzake walionyesha kwamba joto la maji ya bahari na picha za setilaiti za majani zinaweza kutabiri mlipuko miezi kadhaa kabla. Na kweli, kati ya Septemba na Novemba 2006 wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakifuatilia picha hizo walitoa tahadhari juu ya Pembe ya Afrika.

Mgonjwa wa kwanza alihesabiwa Garissa tarehe 30 Novemba 2006. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imeandikisha wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamekufa. Uchinjaji ulipigwa marufuku, masoko ya mifugo yakafungwa. Mji wa Garissa, wenye soko kubwa la mifugo linalolisha Nairobi na Mombasa kwa nyama, ulikaa bila biashara yake. Uchunguzi wa kiuchumi uliofanywa baadaye ulikadiria hasara ya nchi nzima kuwa zaidi ya shilingi bilioni 2.1. Ukitaka kujua maana yake, fikiria mchuuzi wa ng'ombe, mchinjaji, mwenye bucha, dereva wa lori, mama wa maziwa, mwanafunzi anayelipiwa karo kwa kuuza beberu mmoja kila muhula. Wote walisimama pamoja.

Safari hii, hata hivyo, damu haikulazimika kuvuka bahari. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ilikuwa na maabara Nairobi yenye uwezo wa kutambua virusi hivyo, na kazi kubwa ya upimaji ilifanyika nchini. Wataalamu wake wa wadudu, akiwemo Rosemary Sang, walitega mbu Garissa, Baringo na Kilifi. Walikusanya karibu 300,000, wakawachambua aina kwa aina, wakapata makundi 77 yenye virusi. Nikiwaza kazi hiyo, kumtenga mbu mmoja mmoja chini ya hadubini, kwenye hema, kukiwa na joto la Garissa, huwa nashangazwa na jinsi inavyotajwa kwa sentensi moja tu katika ripoti.

Lakini kipande cha utafiti kinachonigusa zaidi kutoka mlipuko ule hakikuhitaji hadubini. Mwaka 2007 timu ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ikiongozwa na Christine Jost, iliketi na wafugaji wa Kisomali wa Kaskazini Mashariki na kuwauliza walichoona, kwa mpangilio gani, na lini. Wafugaji walieleza mvua isiyo ya kawaida, kisha mbu wa aina wasiyoizoea, kisha mifugo kutupa mimba na kutokwa damu puani, dalili waliyokuwa na jina lake, sandik. Kisha watu. Kwa hesabu yao, binadamu wa kwanza aliugua siku kama 17 baada ya mnyama wa kwanza. Na tangu mnyama wa kwanza kuugua hadi huduma za mifugo kufika, ilipita takriban miezi 2.

Setilaiti zilikuwa zimeonya kutoka juu, wafugaji walikuwa wakiona chini, na katikati pakawa patupu. Hakukuwa na mtu wa kuuchukua ujumbe wa mzee aliyeona damu puani mwa kondoo wake huko Ijara na kuugeuza kuwa sampuli, namba na amri. Nafasi hiyo tupu ndiyo, kwa maoni yangu, nafasi ya chuo kikuu.

Yapo magonjwa mengine yaliyopitia njia hiyo hiyo, nami nitayapitia kwa haraka. Kati ya Mei 2000 na Agosti 2001 wagonjwa 904 wa kala-azar waligunduliwa katika eneo linalounganisha Wajir, Mandera, kusini mashariki mwa Ethiopia na Somalia, mahali ambapo wengi walidhani ugonjwa huo haupo. Oktoba 2006 mtoto katika kambi ya Hagadera, Dadaab, alipatikana na polio, ugonjwa ambao Kenya haikuwa imeuona tangu 1984, na mwaka 2013 ukarudi tena ukapooza watu 14. Kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991 kuwapokea waliokimbia kuanguka kwa serikali ya Somalia, ziligeuka mahali ambapo dunia nzima huja kupima jambo fulani, iwe mafua, utapiamlo au kipindupindu. Zipo kilomita 100 hivi kutoka Garissa mjini.

Kuna pia suala la takwimu zenyewe. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba Mandera ilikuwa na vifo vya akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na vyombo vya habari vikapaita mahali pabaya zaidi duniani pa kujifungulia. Ilisaidia kuleta fedha, na akina mama walikuwa wakifa kweli. Lakini namba ile ilitokana na sensa ya 2009, sensa ambayo matokeo yake kwa wilaya tatu za Mandera yalifutwa na serikali mwaka 2010 pamoja na ya Wajir Mashariki na Lagdera. Mtu anayepanga zahanati ngapi zijengwe na wakunga wangapi waajiriwe anahitaji hesabu anayoweza kuiamini. Hesabu hiyo haipatikani kwa mgeni wa wiki mbili. Inapatikana kwa watu wanaoishi mahali, wanaojua boma limehamia wapi na nani alizikwa bila kuandikishwa.

Na yako maswali ambayo mgeni hawezi hata kuyauliza vizuri. Mwaka 2005 Guyo Jaldesa, daktari wa uzazi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu ukeketaji miongoni mwa Wasomali wa Kenya na jinsi ya kuwahudumia wanawake wanaopata madhara yake. Uliwachukulia wanawake hao kama wagonjwa wanaostahili mkunga aliyefunzwa, na ulionyesha jinsi imani kwamba dini inaamuru tohara hiyo ilivyoishikilia desturi. Kazi iliyofuata Wajir ilipelekwa kwa masheikh, wajadiliane kwa hoja za dini. Mazungumzo ya namna hiyo huenda kwa heshima, kwa lugha ya nyumbani, na kwa muda mrefu.

Basi hiyo ndiyo nchi ambamo chuo kilifunguliwa mwaka 2011. Hakikuzaliwa kuwa shule ya udaktari. Kilirithi chuo cha ualimu, na ualimu ukabaki moyo wake katika miaka ya mwanzo, pamoja na masomo ya biashara na sanaa. Wapo wanaodhani hilo linakitenga na habari za afya. Mimi naona kinyume. Mwalimu wa biolojia anayepangiwa Hulugho au Habaswein ndiye mtu wa sayansi aliye karibu zaidi na kisima. Akielewa mbu anazaliana wapi na kwa nini kondoo aliyetupa mimba hashikwi kwa mikono mitupu, darasa zima litaelewa, na jioni habari itafika bomani.

Tena mzazi wake, Chuo Kikuu cha Moi, alikuwa na mfano wa kumwonyesha mtoto. Moi ilianzishwa mwaka 1984, na kitivo chake cha afya kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990 kikiwa na fikra iliyokuwa ngeni Kenya: mwanafunzi wa udaktari apelekwe vijijini tangu mapema, akae na jamii, ajifunze magonjwa yake pale yanapoanzia. Ushirikiano wake na Chuo Kikuu cha Indiana ulizaa mwaka 2001 mpango wa AMPATH, ulioanza kwa kuwatibu wenye virusi vya ukimwi magharibi mwa Kenya, ukakua kuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa afya vinavyoheshimiwa barani. Yote hayo yalianzia hospitali ya wilaya ya Eldoret, mji wa wakulima. Kuanzia 2013 Moi na Kenyatta, pamoja na vyuo viwili vya Kanada, walipeleka masomo ya chuo kikuu hadi Dadaab kwenyewe. Na mwaka huo huo ugatuzi ukahamisha huduma za afya kwenda kaunti, hospitali kuu ya mkoa ikawa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa. Chuo kipo, hospitali ipo, kambi zipo, serikali yenye bajeti ya afya ipo mji huo huo. Kwa miaka miwili hivi ilionekana kwamba mambo yalikuwa yakikutana.

Alfajiri ya Alhamisi, 2 Aprili 2015, mkesha wa Ijumaa Kuu, wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia chuoni wakifyatua risasi. Waliwakuta baadhi ya wanafunzi wa Kikristo katika maombi ya asubuhi. Katika mabweni waliwatenga Waislamu na wasio Waislamu. Mzingiro ulidumu saa 15 hivi. Watu 148 waliuawa, karibu wote wanafunzi, vijana kutoka kila pembe ya Kenya, wengi wao wa kwanza katika familia zao kufika chuo kikuu. Zaidi ya 500 waliokolewa.

Wauguzi na madaktari wa hospitali ya Garissa walipokea majeruhi siku nzima, na waliokuwa na hali mbaya zaidi walisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Wananchi walipanga foleni kutoa damu. Miili ilipelekwa Chiromo, katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na huko wazazi waliotoka Kitui, Kakamega, Nyeri na Homa Bay wakapita mmoja mmoja kuwatambua watoto wao. Katika mji wa Garissa kwenyewe wakazi waliandamana kulaani mauaji. Waliopoteza wapangaji, wateja, wanafunzi na marafiki walijua ni nini kimeondoka.

Chuo kikafungwa. Wanafunzi walionusurika wakahamishiwa Eldoret kumalizia masomo yao, wakiwa na vidonda ambavyo plasta haiviponyi. Hilo nalo ni suala la afya, na nalisema kwa uzito wote: miaka mingi ya usingizi uliovunjika na hofu ya mlango unaogongwa ni ugonjwa unaostahili kufuatiliwa, kutibiwa na kuandikwa kama vile homa yoyote. Waliobaki wanastahili kukumbukwa kama watu wanaoendelea kuishi, mbali na kumbukumbu ya kila Aprili.

Wengi walidhani majengo yale hayatafunguliwa tena. Yalifunguliwa Januari 2016, miezi tisa baadaye, kukiwa na polisi wa kudumu chuoni na wanafunzi wachache sana waliorudi, karibu wote wa Garissa na vitongoji vyake. Profesa Ahmed Osman Warfa, aliyekuwa mkuu wa chuo, alilibeba jukumu la kuwashawishi wazazi na wahadhiri kwamba panakalika. Ualimu ulikuwa umekimbia mkoa mzima wakati huo. Walimu na wauguzi wasio wenyeji walikuwa wameondoka kwa mamia baada ya mashambulizi ya Mandera ya mwishoni mwa 2014 na hili la chuo, shule zikafungwa, zahanati zikabaki na mtu mmoja. Kufungua chuo katika hali hiyo kulikuwa pia jibu la afya, maana mkoa unaotegemea wataalamu wa kuazimwa hubaki mtupu siku wanapoogopa. Oktoba 2017 chuo kilipata hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Garissa, kinachojitegemea, na Profesa Warfa akawa makamu chansela wake.

Wakati chuo kikijijenga upya, utafiti uliendelea kukizunguka. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe na washirika wake walifuatilia mbu na wanyamapori wa Ijara, hasa eneo la Sangailu, kwa kuwa hapo mfugo, nyati na mbu hukutana. Watafiti wa mifugo walichunguza jinsi kilimo cha umwagiliaji kule Bura na Hola kinavyowapa mbu maji ya mwaka mzima mahali ambapo zamani walingoja mafuriko. Ngamia wetu wakaingia katika habari za dunia pia: virusi vya MERS vilipotokea Uarabuni mwaka 2012, wanasayansi walichukua damu za ngamia zilizohifadhiwa Kenya tangu 1992 wakakuta kwamba walikwisha kukutana na virusi hivyo miaka mingi kabla. Katika damu za watu 1,122 wa Garissa na Tana River zilizochukuliwa 2013 na 2014, wawili walikuwa na kinga inayoonyesha waliwahi kuambukizwa. Watu wawili, wasiojua, katika nchi ambayo maziwa ya ngamia hunywewa mabichi asubuhi na jioni. Swali hilo halijaisha, na sidhani pana mahali bora pa kulifuatilia kuliko hapa.

Maendeleo yapo, nami sitaki yapuuzwe. Mwanzoni mwa Juni 2018 mgonjwa aliyetokwa damu alifika hospitali ya Wajir, naye na jamaa zake walikuwa wamekula nyama ya mnyama mgonjwa. Sampuli ikaenda Nairobi, na kufikia tarehe 8 serikali ilikuwa imetangaza homa ya Bonde la Ufa. Siku chache, pale ambapo zamani ilikuwa miezi. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 ugonjwa ulionekana tena Isiolo, Mandera na Garissa, na watu 11 wakafa kati ya 32 waliohesabiwa hadi mwanzoni mwa Februari. Kasi ya kutambua imeongezeka, ila sampuli bado inapanda gari kwenda Nairobi.

Na gari halipiti siku zote. Mvua za vuli za 2023, ambazo Wasomali huziita deyr, ziliujaza mto Tana, barabara ikazama eneo la Mororo na Madogo, mji ukakatwa na Nairobi. Ilitokea tena katika masika ya 2024, watu wakavushwa kwa mashua, na tarehe 28 Aprili mashua moja ikazama Kona Punda na kuua abiria. Mafuriko yale yale yanayoamsha mayai ya Aedes ndiyo yanayofunga barabara ya kupeleka damu maabara. Aliyepanga maabara zote ziwe ng'ambo ya mto hakuiangalia ramani wakati wa mvua.

Mahitaji si makubwa kiasi cha kutisha. Chumba cha maabara chenye usalama wa kutosha kushughulikia sampuli za damu, friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, jenereta ya kuaminika kwa sababu umeme wa Garissa unajulikana, mashine ya kupima chembe za urithi za virusi, na wanafunzi wa uzamili wawili au watatu kutoka kila kaunti, wanaozungumza Kisomali, Kiorma au Kiborana na Kiswahili, wanaolipwa posho ya kwenda Fafi, Lagdera na Balambala kabla ya mvua kila Machi na kila Oktoba. Sampuli inayochukuliwa ipimwe hapa, nakala yake ibaki hapa, na jina la mwanafunzi wa Garissa liwe la kwanza kwenye andiko, kabla ya majina ya washirika wa Nairobi, Atlanta au Berlin. Wizara, kaunti tatu na washirika wa nje wanajua bei ya vitu hivyo hadi senti. Mvua za deyr huanza Oktoba.